Wajina Wako Ana Kesi: Namna ya Kumchunguza Mtu kwa Kumbukumbu za Umma

Februari 2011, katika mji wa Dublin, California, Sergio Ramirez alikwenda na mkewe na baba mkwe wake kununua gari. Rangi walishachagua, bei walishaelewana. Muuzaji akaomba ripoti za mikopo za mume na mke, kama ilivyo kawaida kule. Ya mume ikarudi na onyo kwamba jina lake linafanana na jina lililomo kwenye orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, orodha ya magaidi, walanguzi wa dawa za kulevya na wengine ambao ni marufuku kufanya nao biashara. Muuzaji akakataa kumuuzia. Gari likaandikwa jina la mke, na safari ya Mexico ambayo Ramirez alikuwa ameipanga akaifuta.

Kompyuta ya kampuni iliyotoa ripoti ile ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na jina la mwisho, basi. Tarehe ya kuzaliwa haikuangaliwa. Shauri likafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2021 ilitoa uamuzi uliowahusu watu 8,185 waliobandikwa onyo la aina hiyo katika miezi michache tu. Mahakama ilisema ni 1,853 pekee waliokuwa na haki ya kudai, kwa kuwa ripoti zao ndizo zilizofika mikononi mwa wafanyabiashara. Waliobaki walikuwa na onyo kwenye mafaili yao, ila hakukuwa na ushahidi kwamba mfanyabiashara yeyote alilisoma.

Angalia jambo moja katika kisa hiki. Orodha ya wizara ilikuwa ya kweli, na jina la Ramirez lilikuwa lake kweli. Kilichokuwa kibovu ni uzi uliofungwa kati ya viwili hivyo. Kazi yote ya kumchunguza mtu kwa kumbukumbu za umma iko kwenye uzi huo. Karatasi zinapatikana leo kwa urahisi kuliko wakati wowote. Kuhakikisha kwamba karatasi ni ya mtu huyu na si ya wajina wake ndiko kunakotenganisha upekuzi na umbea.

Iliyo kwa serikali si lazima iwe ya umma

Kumbukumbu ya umma ni waraka unaotunzwa na mahakama au ofisi ya serikali, na ambao sheria inamruhusu mtu baki kuuona. Watu husahau sehemu hiyo ya pili. Hospitali ya serikali ina faili lako, mamlaka ya kodi inajua kipato chako, polisi wana alama za vidole vyako. Hayo yote serikali inayo, lakini jirani yako hana ruhusa ya kuyasoma.

Mpaka wenyewe unahamahama kutoka nchi hadi nchi. Sweden iliandika haki ya raia kusoma nyaraka za serikali katika sheria yake ya uhuru wa uchapishaji ya mwaka 1766, na hadi leo kule unaweza kuuliza mapato ya mtu yaliyotozwa kodi ukajibiwa. Norway nayo hutoa orodha ya walipa kodi, ila tangu 2014 aliyetafutwa anaweza kuona ni nani aliyemtafuta, na baada ya badiliko hilo wadadisi walipungua ghafla. Kwingineko kuuliza tu swali kama hilo kungekuwa ni kukosa adabu, mbali na kuvunja sheria.

Marekani ina sheria maarufu ya uhuru wa habari, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1966, na wengi hudhani ndiyo funguo ya kila mlango. Haiko hivyo. Sheria ile inahusu idara za utendaji za serikali ya shirikisho. Mahakama hazimo, na mambo binafsi ya mtu mwingine huzuiliwa. Kumbukumbu ambazo mpekuzi anazihitaji zaidi, yaani mashauri, ardhi na ndoa, hazipitii huko kabisa. Zinakaa kwenye ofisi za chini: karani wa mahakama, msajili wa hati, mthamini wa majengo. Kila moja ina daftari lake, saa zake na utaratibu wake wa kutafuta.

Kwa hiyo anayekuambia kuna sehemu moja unabofya jina na maisha yote ya mtu yanakujia, anauza kitu. Nitamrudia huyo.

Anza na maneno yake mwenyewe

Wengi huanza kwa kuandika jina kwenye injini ya utafutaji na kushuka na ukurasa. Matokeo yake ni rundo la mambo yasiyo na mwenyewe. Mpekuzi mzoefu huanza na karatasi tupu na kuandika kile ambacho mtu amekisema juu yake: nilisoma pale, nilifanya kazi kule kati ya mwaka huu na huu, nina kampuni, nina leseni, nimeishi miji hii mitatu. Kila dai ni swali, na kila swali lina ofisi yake. Unachokitafuta ni kama maneno yanashikana na kumbukumbu. Ukianza kwa kutafuta uchafu, utaupata, hata kama si wake.

Karatasi ya pili ni ya majina. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ndoa ya kwanza, jina la ndoa ya pili, jina fupi analotumia kazini, na jina ambalo karani alilikosea miaka ishirini iliyopita na likabaki hivyo kwenye jalada. Majina yaliyohamishwa kutoka hati nyingine za kuandikia, kama Kiarabu au Kichina, huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna tatu au nne tofauti. Kisha kuna watu wa nchi ambako jina la mwisho ni la baba, si la ukoo. Kompyuta iliyotengenezwa kwa desturi nyingine hugeuza majina yao mbele nyuma bila haya. Tafuta kila umbo. Kusema "sikukuta chochote" baada ya kutafuta umbo moja ni sawa na kugonga mlango mmoja na kutangaza kwamba mtaa hauna watu.

Karatasi ya tatu ni ya mahali, na ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Kumbukumbu haimfuati mtu anapohama. Inabaki pale jambo lilipotokea. Aliyeshtakiwa katika mji aliokuwa akiishi zamani hataonekana kwenye mahakama ya mji anaoishi sasa, hata ukitafuta kwa mwaka mzima. Ndiyo maana orodha ya anwani za zamani ina thamani kuliko ujanja wowote wa kompyuta.

Mwisho unahitaji vitambulishi: tarehe ya kuzaliwa, jina la kati, anwani kwa tarehe, labda sahihi. Kanuni ninayoishikilia mimi ni kwamba jina peke yake halithibitishi kitu. Jina na kitambulishi kimoja ni dokezo. Jina na viwili visivyotegemeana ndipo naanza kuamini. Niliwahi kujitafuta mwenyewe na nikakuta wajina anayedaiwa na watu kadhaa. Tulitofautiana mwaka wa kuzaliwa na herufi moja ya jina la kati. Mtu mwenye haraka asingeiona herufi ile.

Mahakamani

Hapa ndipo utajiri ulipo, na ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Chukua Marekani, ambako mahakama ziko wazi sana. Kuna mahakama za shirikisho na kuna mahakama za majimbo. Za shirikisho zina mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao PACER, ambao hutoza senti kumi kwa ukurasa, na waraka mmoja hauzidi dola tatu. Humo utakuta kufilisika, kesi za madai za shirikisho na makosa ya jinai ya shirikisho kama utapeli wa benki. Lakini sehemu kubwa ya kesi za jinai, pamoja na talaka, madeni na kufukuzwa kwenye nyumba za kupanga, husikilizwa kwenye mahakama za majimbo, kaunti kwa kaunti, na kaunti ziko zaidi ya 3,000. Baadhi zimeweka madaftari yao mtandaoni, nyingine inabidi mtu aende masjala kwa miguu. FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, ina hifadhi ya taarifa za jinai ya taifa zima, lakini hiyo ni ya vyombo vya dola. Raia wa kawaida hafunguliwi rekodi ya mwenzake.

Uingereza imepita njia nyingine. Taarifa za makosa ya jinai hutolewa na chombo kiitwacho DBS, na kile cheti cha msingi huombwa na mhusika mwenyewe au kwa ridhaa yake, kikionyesha tu yale makosa ambayo muda wake wa kisheria haujaisha chini ya sheria ya mwaka 1974 inayowapa waliohukumiwa nafasi ya kuanza upya. Nchi nyingi duniani ziko upande huu: rekodi ya polisi unampa mtu aiombe mwenyewe na kukuletea cheti. Kama uko kwenye nchi ya namna hiyo, usipoteze muda kutafuta mlango wa nyuma. Mwombe mtu cheti, kisha kihakiki kwa ofisi iliyokitoa, kwa namba ya simu uliyoitafuta wewe, si ile iliyochapwa chini ya cheti.

Tuseme sasa umepata shauri. Kinachoonekana kwanza ni orodha ya matukio, mstari kwa mstari na tarehe zake. Hati ya mashtaka imepokelewa. Mshtakiwa amefika na kukana. Dhamana imetolewa. Shauri limeahirishwa. Limeahirishwa tena. Halafu, mistari kumi na mbili chini, maneno mawili au matatu: mashtaka yameondolewa. Aliyesoma mstari wa kwanza tu ataondoka na habari kwamba "jamaa alishtakiwa kwa wizi". Ni kweli alishtakiwa. Lakini kukamatwa ni jambo moja, kushtakiwa ni la pili, kutiwa hatiani ni la tatu, na hukumu kutenguliwa kwenye rufaa ni la nne. Jalada lina majibu ya yote manne, ilimradi ulisome mpaka mwisho. Ukiona upande wa mashtaka umeondoa shauri, tazama pia kama limefunguliwa upya kwa namba nyingine; hilo hutokea, na hapo mambo hugeuka tena.

Mashauri ya madai watu huyapuuza kwa sababu hayana harufu ya jela. Mimi huyasoma kwanza. Fundi anayetaka kukujengea nyumba hatakuwa na rekodi ya wizi, lakini anaweza kuwa na wadai saba, wote wateja waliolipa malipo ya awali na hawakuona jengo. Jalada la madai lina kitu ambacho la jinai mara nyingi halina: maneno ya watu. Hati ya madai inaeleza kilichotokea, na majibu ya mdaiwa yanaeleza upande wake. Ukisoma majibu hayo kwenye mashauri matatu ukakuta visingizio ni vilevile, hapo umejua jambo. Ila hesabu kwa haki: mwenye nyumba nyingi za kupangisha atakuwa na mashauri mengi kwa sababu ya biashara yake tu, na daktari wa upasuaji hatari hushtakiwa zaidi ya yule anayetibu mafua.

Kuna mgongano hapa unaostahili kusemwa. Mahakama zinazidi kuficha tarehe za kuzaliwa ili kulinda faragha. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa huko California iliamua kwamba daftari la mashauri ya jinai la mtandaoni lisimruhusu mtu kutafuta kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa wala namba ya leseni ya udereva. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba sasa unatafuta kwa jina tupu, na jina tupu ndilo lililomponza Ramirez. Faragha ya aliyeshtakiwa inalindwa huku wajina wake akibaki bila cha kujitetea. Sijaona aliyepata suluhisho linalowaridhisha wote wawili.

Kampuni, ardhi na leseni

Msajili wa kampuni ni rafiki wa mpekuzi. Uingereza rejesta yao iko mtandaoni bure: jina la mkurugenzi, mwezi na mwaka wa kuzaliwa (siku hufichwa), kampuni alizoongoza, zilizokufa na lini zilikufa. Mtu aliyefungua kampuni tano na zote zikafutwa kabla ya kuwasilisha hesabu za mwaka wa pili amekuambia kitu bila kufungua mdomo. Angalia lakini: mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu watatu kwenye rejesta kwa sababu aliandika jina lake tofauti kila mara. Na kwa miaka mingi msajili yule alikuwa akipokea alichoandikiwa bila kukihakiki. Sharti la wakurugenzi kuthibitisha utambulisho wao lilianza Novemba 2025. Kuandikishwa hakukuwahi kuwa ushahidi wa ukweli, ulikuwa ushahidi kwamba kuna mtu alijaza fomu. Matangazo ya kufilisika kule huchapwa kwenye gazeti rasmi la serikali ambalo limekuwepo tangu 1665, na linapekulika mtandaoni.

Ardhi nitapita haraka. Marekani kaunti nyingi hukuruhusu kutafuta kwa jina la mmiliki na kuona rehani na madai yaliyoandikishwa juu ya nyumba. Uingereza na Wales unatafuta kwa anwani, hivyo huwezi kuandika jina la mtu na kupewa orodha ya nyumba zake. Inatosha kwa anayetaka kujua kama anayempangisha nyumba kweli ndiye mwenye nyumba, na hilo ndilo swali la maana kwa watu wengi.

Leseni za taaluma hazitumiki inavyostahili. Madaktari, wauguzi, mawakili, wahandisi, mawakala wa hisa: karibu kila taaluma inayoweza kumuumiza mteja ina bodi, na karibu kila bodi ina rejesta ya wazi. Ya madaktari wa Uingereza inaonyesha kama daktari amewekewa masharti au amesimamishwa. Ya mawakala wa hisa wa Marekani, iitwayo BrokerCheck, inaonyesha malalamiko ya wateja na waajiri waliomwachisha. Unapotafuta, linganisha namba ya leseni na usiridhike na jina. Matapeli wenye akili hawabuni daktari. Huazima jina la daktari aliyepo, mwenye leseni safi, asiyejua kitu.

Orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa na za nchi moja moja ziko wazi kwa yeyote. Interpol nayo huchapisha notisi nyekundu za watu wanaotafutwa, ingawa zinazoonekana na umma ni sehemu tu ya zilizopo. Ukipata jina linalofanana kwenye orodha hizi, kumbuka duka la magari la Dublin kabla hujamwambia mtu yeyote.

Madalali wa taarifa

Sasa yule muuzaji niliyesema nitamrudia. Kuna kampuni zinazokusanya nakala za madaftari ya mahakama, orodha za wapiga kura, namba za simu, kurasa za mitandao ya kijamii na orodha za wauzaji, zikavipika pamoja na kukuuzia wasifu wa mtu kwa ada ndogo. Ni rahisi, ni haraka, na kama ramani ya kuanzia zina faida: zinaweza kukuonyesha anwani za zamani ambazo hukuzijua, nawe ukajua uende mahakama ipi.

Kama ushahidi hazifai. Mmarekani aitwaye Thomas Robins alijikuta kwenye tovuti moja ya namna hii, Spokeo, akielezwa kuwa ameoa, ana watoto, yuko kwenye miaka ya hamsini, ana kazi, ana ukwasi na shahada ya juu. Kwa maelezo yake mahakamani, yote hayakuwa kweli, na wakati huo alikuwa akitafuta kazi. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2016. Utaona kwamba makosa hayo yalimpamba, hayakumchafua. Ndiyo sababu ni mfano mzuri: mwajiri anayemwona mtu mwenye shahada ya juu na ukwasi anaweza kumpita akidhani kazi ndogo hataitaka.

Tatizo jingine la madalali ni kuchacha kwa taarifa. Mwaka 2018 Pennsylvania ilipitisha sheria ya kufunga rekodi fulani za jinai moja kwa moja baada ya muda kupita, na majimbo mengine yakafuata. Mahakama inalifunga jalada. Nakala iliyonunuliwa na dalali mwaka mmoja kabla inaendelea kuuzwa. Mteja wake anaamini anasoma kumbukumbu ya umma, kumbe anasoma kitu ambacho umma umeshaamriwa kukifunga. Dawa ni moja: kila jambo zito ulilolikuta kwa dalali lirudishe kwenye ofisi lilikotoka. Kama ofisi haina jalada hilo, nawe huna kitu.

Na kinyume chake kipo pia. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubaliana na Mhispania Mario Costeja González kwamba injini ya utafutaji iondoe viungo vya tangazo la gazeti la mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake kwa sababu ya madeni. Tangazo lenyewe gazetini halikuguswa. (Kwa kupigania kusahauliwa akawa mdaiwa anayekumbukwa kuliko wote Ulaya, lakini hayo ni mengine.) Kwa mpekuzi maana yake ni kwamba kutoona kitu kwenye injini ya utafutaji hakuthibitishi kuwa hakipo.

Una ruhusa ya nini hasa?

Waraka kuwa wazi hakumaanishi kila matumizi yake ni halali. Marekani tangu 1970 ina sheria inayozibana kampuni zinazouza ripoti za watu, kama ile ya kisa cha Ramirez, pamoja na wanaozitumia. Mwajiri anayetaka ripoti kutoka kampuni kama hiyo lazima apate idhini ya mwombaji kwa maandishi. Akitaka kumkataa kwa sababu ya kilichomo, lazima kwanza ampe nakala ya ripoti ili apate nafasi ya kusema "huyu si mimi". Kampuni haziruhusiwi, kwa kazi nyingi, kuripoti kukamatwa kulikopita miaka saba bila hatia, wala kufilisika kulikopita miaka kumi. Kutiwa hatiani hakuna ukomo kwenye sheria hiyo ya shirikisho. Tovuti nyingi za madalali huandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba taarifa zao zisitumike kuajiri wala kupangisha. Watu hawasomi pale, na mwenye kesi baadaye ni yule aliyetumia.

Ulaya, sheria ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika Mei 2018 inaweka rekodi za jinai chini ya udhibiti wa mamlaka rasmi, hivyo kampuni haiwezi kujikusanyia tu. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Swali ambalo sheria zote hizi huuliza, kila moja kwa lugha yake, ni: unazitaka za nini?

Swali hilo lina historia ya damu. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer, mwenye miaka 21, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake Los Angeles. Muuaji alikuwa shabiki aliyemfuatilia kwa muda mrefu. Anwani aliipata kupitia mpelelezi wa kulipwa, ambaye naye aliitoa kwenye kumbukumbu za idara ya magari ya jimbo, zilizokuwa wazi kwa aliyelipa ada. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kufunga taarifa za madereva, na tangu hapo anayeziomba lazima aonyeshe sababu inayokubalika. Kwa hiyo mkwe wa zamani, mpenzi aliyeachwa, mtu mwenye amri ya mahakama ya kukaa mbali na mwenzake: hao hawafanyi upekuzi, wanawinda, na anayewasaidia kupata anwani anashiriki. Anwani ya sasa ya mtu, kwa kweli, ndiyo taarifa ambayo mpekuzi wa haki huihitaji kwa nadra. Unahitaji alikokuwa, ili ujue mahakama. Anakolala leo hakukusaidii kujua kama ana leseni.

Wala usidanganye ili kupata. Kupiga simu ofisini ukijifanya mtu mwingine, au kujifungulia akaunti ya bandia ili akukubali kwenye mtandao wa kijamii, kunakutoa kwenye kumbukumbu za umma na kukuingiza kwenye ulaghai, ambao nchi nyingi zina kifungu chake.

Unapokuta kitu

Andika ulichokikuta, ofisi gani, namba ya jalada, tarehe uliyotazama. Andika pia ulikotafuta ukakosa, kwa sababu "sikukuta kwenye mahakama hizi tatu kwa majina haya mawili" ni taarifa, na "hana rekodi" ni majigambo. Jalada la muhimu omba nakala iliyothibitishwa na karani. Picha ya skrini mtu yeyote anaweza kuitengeneza.

Kisha mwulize mwenyewe. Najua wengine huona hilo linaharibu kazi. Lakini mara nyingi jibu linakuwa na karatasi yake. Kuna hukumu za madeni, kwa mfano, ambazo kwenye daftari zinaonekana bado ziko wazi miaka mingi baada ya mdaiwa kulipa mpaka senti ya mwisho. Sababu ni ndogo: ni kazi ya aliyelipwa kuwasilisha mahakamani taarifa kwamba amelipwa, na akishapata pesa yake hana haraka ya kurudi kupanga foleni. Karani hawezi kujua. Daftari linaendelea kusema anadaiwa. Aliyelipa ana risiti kwenye droo nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwomba aionyeshe.